Kadari, Taksiri na Kivinjari Kilichokwisha

Katika matanga ya nchi yetu, hata pale ambapo marehemu alifariki kwa sababu gari alilopanda halikuwa na breki na mwenye gari alijua, hakosi kupatikana msemaji atakayesimama, akajikohoza, akawakumbusha waliohudhuria kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nao huitikia kwa kuinamisha vichwa, maana usemi huo ni wa faraja, wala si adabu kumhoji mfariji mbele ya jeneza. Mimi nami huinamisha kichwa. Illa baada ya mazishi, watu wakisha kutawanyika, hubaki swali ambalo adabu haikuliruhusu kuulizwa makaburini: yale makosa ambayo hayakuwa ya Mungu yamezikwa kwa idhini ya nani?

Swali hilo lilinirudia tarehe 15 Juni 2022, si kwa ajili ya mtu bali kwa ajili ya kitu, siku ambayo kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha rasmi kukihudumia kivinjari chake kilichoitwa Internet Explorer, baada ya umri wa miaka takriban ishirini na saba tangu kilipotolewa mara ya kwanza mwezi wa Agosti 1995. Ulimwengu ulikizika kwa kicheko zaidi kuliko kwa machozi. Huko Korea ya Kusini, katika mji wa Gyeongju, mhandisi mmoja alikichongea jiwe la kaburi, akakisifu humo kwa utani kwamba kilikuwa chombo chema cha kupakulia vivinjari vingine. Na Wakorea walikuwa na haki ya utani huo, kwa kuwa mabenki yao na idara zao zilikuwa zimefungamana na kivinjari hicho kwa miaka mingi kuliko walivyopenda. Hapa Arusha, wale waliojifunza kompyuta kwacho walisema lile lisemwalo juu ya kila kinachokwisha, ya kuwa hakuna marefu yasiyo na ncha. Usemi ni wa kweli, wala sina ugomvi nao. Shaka yangu ni juu ya kazi tunayoutuma kuifanya.

Marehemu na ajulikane kwanza nasaba yake. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Illinois, vijana wawili, Marc Andreessen na Eric Bina, walitunga kivinjari kilichoitwa Mosaic, ambacho kiliwawezesha watu wasio na elimu ya mitambo kuzitazama kurasa za intaneti zenye maandishi na picha pamoja. Na mwaka uliofuata Andreessen akashiriki kuanzisha kampuni iliyotoa kivinjari cha Netscape Navigator, ambacho kwa muda mfupi kilikuwa ndicho sultani wa bahari hiyo mpya. Microsoft, iliyochelewa kutanabahi, haikuwa na chombo chake. Ikaenda kwa kampuni ndogo ya Spyglass, iliyokuwa na haki ya Mosaic, ikakodi kazi yao kwa mapatano kwamba italipa kiasi fulani kila robo ya mwaka pamoja na sehemu ya fedha zitakazopatikana kwa mauzo. Kisha ikakitoa kivinjari hicho bure. Sehemu ya mauzo yasiyokuwapo ni sifuri, hata mtoto wa darasa la kwanza aijua hesabu hiyo, na Spyglass walipolalamika waliridhishwa mwaka 1997 kwa dola milioni nane. Hivyo chombo hiki kiliingia ulimwenguni kwa sura ya hidaya, na ndani ya hidaya hiyo mlikuwamo jasho la mtu mwingine.

Vita vilivyofuata vilikuwa na mizaha yake. Mwezi wa Oktoba 1997, toleo la nne lilipotoka, watu wa Microsoft walikwenda usiku na herufi kubwa mno ya "e", alama ya kivinjari chao, wakaisimamisha katika nyasi za mbele ya ofisi za Netscape huko California. Asubuhi wenyeji wakaiangusha, wakamsimamisha juu yake Mozilla, mnyama aliyekuwa nembo yao. Mzaha huo ulikuwa wa mwisho ambao Netscape walicheka. Kivinjari kilichokuwa cha kununua hakikuweza kushindana na kilichokuja ndani ya kompyuta bila bei, na hata Netscape walipoacha kutoza bei, Januari 1998, walikuwa wamechelewa. Kampuni ikauzwa kwa AOL, na tarehe 1 Machi 2008 huduma ya mwisho ya kivinjari hicho ikakoma.

Sisi wa Arusha hatukuviona vita hivyo. Sisi tulifika baada ya ushindi. Nchi yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta tangu mwaka 1974, na televisheni yenyewe haikurushwa Tanzania Bara mpaka mwaka 1994, kwa hiyo kompyuta zilipoanza kuingia kwa wingi katika mji huu zilikuja na mshindi ameshaketi ndani yake. Zilikuja kwa njia nyingi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994 na kuwekwa katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, ilileta mawakili, wafasiri na waandishi wa habari waliohitaji barua pepe kila saa. Makampuni ya utalii yalitambua kwamba mgeni wa Ujerumani hutazama picha za Ngorongoro kabla ya kununua tiketi. Wafanyabiashara wa hapa wakafungua kafe za intaneti karibu na Mnara wa Saa na katika Barabara ya Sokoine, vyumba vyembamba vyenye feni moja na kompyuta kadhaa, ambamo kijana aliyekuwa akitafuta nafasi ya chuo aliketi karibu na mpagazi wa mlimani aliyekuwa akimwandikia mteja wake wa zamani, na ukurasa mmoja ulifunguka polepole kupitia mtambo wa setilaiti huku saa ya malipo ikienda mbio. Katika vyumba hivyo hakuna aliyesema kwamba anafungua kivinjari. Alisema anaingia intaneti, akabofya ile "e" ya buluu, maana kwake alama na kitu chenyewe vilikuwa kimoja.

Huko ndiko kulikokuwa kilele cha mamlaka yake, na kilele hicho nataka tukae nacho, kwa sababu hapo ndipo taksiri ilipozaliwa. Toleo la sita lilitoka Agosti 2001, likaenea kwa mfumo wa Windows XP uliotoka miezi miwili baadaye, na kufikia mwaka 2002 na 2003 zaidi ya sehemu tisa katika kumi za watu waliokuwa wakitembea katika intaneti walitembea kwa chombo hicho. Hapakuwa na adui aliyebaki. Ndipo wahandisi waliokijenga wakahamishiwa kazi nyingine, na mwezi wa Mei 2003 kampuni ikatangaza kwamba haitatoa tena toleo jipya la kivinjari hicho peke yake, mwenye kulitaka na asubiri mfumo mpya wa Windows. Toleo la saba halikuonekana mpaka Oktoba 2006. Miaka mitano, basi, katika fani ambayo mwaka mmoja ni hirimu nzima, chombo kilichoshikwa na takriban ulimwengu wote kiliachwa bila fundi wa maana.

Katika miaka hiyo matundu yake ya usalama yalikuwa mojawapo ya njia kuu za virusi, na kafe zetu zilizijua njia hizo vizuri. Wajenzi wa tovuti, waliotaka kufuata kanuni za pamoja zilizokuwa zikiandikwa na baraza ambalo Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa mtandao huo wa kurasa, aliliunda mwaka 1994, walikuta kwamba kivinjari hiki husoma kanuni hizo kombo, wakalazimika kuandika kazi mara mbili: mara moja kwa kanuni, mara ya pili kwa ajili ya makosa ya mkubwa. Mabaya zaidi, maofisi yalijenga mifumo yao ya hesabu, ya ushuru na ya mishahara kwa kuyafuata makosa yale yale, hata kosa likawa sheria, na mwenye kusoma sawasawa akaonekana ndiye mgonjwa. Niliwahi kuambiwa katika ofisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa, kwamba fomu yangu haifunguki kwa kuwa kivinjari changu ni kipya mno.

Na liko jambo jingine ambalo wasomi wa historia hii hulipita upesi. Toleo la saba lilipotoka, Microsoft ililiwekea mlinzi: kompyuta ilibidi ihakikishwe kwanza kwamba Windows yake ina leseni halali, na ile isiyo halali ikanyimwa kivinjari kipya. Sitetei wizi. Lakini kila aliyepita Arusha siku hizo anajua kwamba katika kompyuta nyingi za kafe Windows ilitoka katika sidii iliyonakiliwa, kwa kuwa bei ya nakala halali haikulingana hata kidogo na kipato cha chumba kinachotoza kwa dakika. Ikawa kwamba ugonjwa waliruhusiwa wote na dawa wakapewa baadhi. Mlinzi huyo aliondolewa Oktoba 2007, mwaka mzima baadaye, na kwa mwaka huo wale waliokuwa dhaifu kuliko wote ndio waliobaki na chombo kibovu kuliko vyote.

Sasa, mtu akiulizwa kwa nini kivinjari hiki kimekufa, atajibu kwamba wakati wake ulifika, na akiwa amesoma kidogo atamleta Ibn Khaldun awe shahidi. Shahidi huyo ni mzito. Katika Mukadima yake, aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kwamba dola zina umri kama watu walivyo na umri, na kwamba aghalabu hazivuki vizazi vitatu vya miaka arobaini arobaini: kizazi cha kwanza hushinda kwa ugumu na mshikamano, cha pili huzoea raha, cha tatu husahau hata kwamba palikuwa na ugumu, kisha hutokea kabila jingine jangwani likagonga mlango. Netscape ikashinda na kushindwa, Internet Explorer ikashinda na kushindwa, mshindi wa leo naye atashindwa. Gurudumu linazunguka, wala hapana wa kulaumiwa.

Illa msomaji huyo amesoma hesabu ya miaka, akaruka maelezo. Ibn Khaldun hakusema kwamba miaka mia na ishirini huiua dola, kana kwamba miaka ina mikono. Alitaja yanayotendwa ndani ya miaka hiyo, anasa zinazochukuliwa, mshikamano unaoachwa ulegee, ulinzi unaokabidhiwa watu wa mshahara na wageni. Yote hayo ni vitendo, na kila kitendo kina mtenda. Wakati ni uwanja ambao mambo hutendeka, na kuutia uwanja hatiani kwa mchezo uliochezwa vibaya ni njia ya kumtoa mchezaji mlangoni kimyakimya.

Wala hila hii si mpya. Katika karne ya kwanza ya Uislamu, watawala wa ukoo wa Umayya walipomwaga damu na kutwaa mali walipenda sana kusikia kwamba yote yalikwisha kadiriwa, maana lililokadiriwa na Mola halina mtu wa kuulizwa. Na katika waliolikataa jambo hilo alikuwako Hasan al-Basri, mchamungu wa Basra aliyefariki mwaka 728, ambaye ananasibishiwa waraka aliomwandikia Khalifa Abdul-Malik. Sina haja ya kuunakili. Maana yake, kwa ufupi, ni kwamba uongofu hutoka kwa Mungu, na dhulma hutoka kwa mwenye kudhulumu, na anayembebesha Muumba mzigo wa kosa lake ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Wanazuoni waliokuja baada yake waligawanyika vikali juu ya mipaka ya kudura na hiari, na mgawanyiko huo haujaisha. Lakini hata wale walioipa kudura kila kitu hawakumwachilia kadhi amsamehe mwizi kwa hoja kwamba wizi uliandikwa.

Mlimani kwetu Meru, ambako Walutheri ni wengi na ambako huko Makumira wachungaji wao wamekuwa wakifundishwa kwa vizazi, mtu anaweza kudhani kwamba upo mlango wa kutokea, kwa kuwa Luther mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1525 alichomjibia mwanazuoni Erasmus, alikana kabisa kwamba hiari ya mwanadamu ina nguvu katika shauri la wokovu. Mlango huo haupo. Katika kitabu hicho hicho Luther aliacha hiari mahali pamoja: katika vitu vilivyo chini ya mtu, mali yake na milki yake, anavyoweza kuvitumia au kuviacha kama apendavyo. Mchamungu wa Basra na mtawa wa Wittenberg wasingekubaliana katika mengi lau wangelikutana, lakini mbele ya kompyuta iliyoachwa bila fundi kwa miaka mitano wote wawili wangeuliza swali moja, nani alikuwa zamu?

Hapo naomba nitumie mfano mmoja wa mlima wenyewe. Anayeutazama Mlima Meru kutoka upande wa Momella huona kwamba ubavu wake wa mashariki haupo. Mlima ambao leo una kimo cha mita 4,566 ulikuwa zamani mzima pande zote, kisha, maelfu ya miaka kabla ya kuwako mzee wa kusimulia, ubavu huo uliporomoka na kumwagika kuelekea Kilimanjaro, na katika vibonde vya kifusi hicho ndimo yalimokaa maziwa ya Momella. Hakuna aliyezembea. Mbele ya anguko la namna hiyo mtu aseme kwa moyo mweupe kwamba kazi ya Mungu haina makosa, nami nitaitikia amina. Lakini teremka upande wa kusini, kwenye migomba na mibuni ya Wameru na Waarusha, utakuta mifereji iliyochimbwa kwa majembe ili kuyavuta maji ya mito ya mlima mpaka mashambani. Kila mfereji una wazee wake, una siku yake ya kufukuliwa, na asiyefika siku hiyo hutozwa faini. Mfereji ukikauka kwa kujaa tope, hakuna mzee atakayesimama bomani akasema kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha. Watauliza ni ya nani sehemu ile. Kifo cha Internet Explorer ni cha mfereji. Na sababu ya kusema hivyo kwa yakini ni kwamba mwenye kulishika banio alikuwa na majembe tele na watu tele, tena alikuwa fundi.

Ufundi wake ndio utakaomtia hatiani, na hapa wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Toleo la tatu, la mwaka 1996, lilikuwa katika vivinjari vya biashara la kwanza kuifahamu ile lugha ya mapambo ambayo leo kila ukurasa huvikwa. Toleo la tano, la mwaka 1999, lilikuja na ufundi wa kuuwezesha ukurasa kuzungumza na mtambo wa mbali bila kufunguliwa upya, na juu ya msingi huo wengine walijenga huduma kama Gmail mwaka 2004 na ramani za Google mwaka 2005. Tazama ajabu hiyo: chombo kiliwafungulia wengine zama mpya, kisha chenyewe kikakaa kizingitini. Angelikuwa mjinga tungelimhurumia, kwa kuwa katika mizani ya dini zote nizijuazo kutoweza ni udhuru, na asiyeweza hatozwi. Aliweza. Alionyesha kwamba anaweza, akashinda, na alipokwisha kushinda akaona hapana haja. Pale uwezo upo na haja ya wengine ipo, kisha mwenye uwezo akaacha kwa sababu hapana wa kumtisha, sijui jina jingine la kuacha huko isipokuwa taksiri.

Atanijibu mtu kwamba kampuni haina roho, haifungi wala haisali, na kwamba taksiri ni sifa ya nafsi yenye kuhesabiwa. Jibu hili ni la maana, wala sitalipuuza. Lakini katika mji huu hasa hoja hiyo imekwisha pimwa, katika shauri ambalo uzito wake hauwezi kutajwa sambamba na habari za programu, na nisieleweke vibaya, maana hapana ulinganifu wowote kati ya damu na kompyuta. Mahakama ya Rwanda, tarehe 2 Septemba 1998, ilipomtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilifanya lile ambalo mahakama ya kimataifa haikuwahi kulifanya juu ya kosa la mauaji ya kimbari: ilikataa kuyaacha mauaji hayo yawe ya historia, ya makabila au ya upepo wa zama, ikayatia mikononi mwa mtu mwenye jina. Kanuni iliyo chini ya hukumu hiyo hufaa katika mambo makubwa na madogo pia. Kampuni haikulala, watu fulani, katika mkutano fulani, walikata shauri kwamba wahandisi wahame.

Marekani nako kulikuwa na kesi, na inafaa kuangalia iliuliza nini. Serikali ya nchi hiyo iliishtaki Microsoft Mei 1998. Jaji Thomas Penfield Jackson akaona kwamba kampuni ilitumia ukiritimba wake kumfungia mshindani njia, na Juni 2000 akaamuru igawanywe mapande mawili. Mahakama ya rufani, Juni 2001, ikatengua mgawo lakini ikaacha isimame hukumu kwamba ukiritimba ulilindwa kinyume cha sheria. Miezi miwili baada ya rufani hiyo likatoka toleo la sita, na usingizi ukaanza. Sheria ilichunguza namna mtu alivyoingia katika nyumba. Namna alivyolala ndani yake haikuwa na kifungu. Wala haishangazi, kwa kuwa katika fahamu ya watu wengi mwenye kutoa bure hadaiwi, na ng'ombe wa kupewa hatazamwi meno.

Mimi sioni hivyo, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Hidaya ya kawaida humwachia mpokeaji nafasi ya kuikataa na kwenda kwa mwingine. Ukinipa shuka lisilonifaa nitanunua jingine dukani. Lakini anayetoa bure kwa namna ambayo hapasalii mwingine wa kutoa wala wa kuuza, kisha watu wakajenga ofisi zao, shule zao na biashara zao juu ya alichowapa, huyo hakutoa hidaya tu, bali ametwaa amana, apende asipende, kwa kuwa ameishika haja ya watu mkononi mwake na kuwaondolea pa kwenda. Amana haikatiki kwa sababu haikulipiwa. Mlinzi wa yatima halipwi, na bado ataulizwa.

Walioachwa, hata hivyo, hawakukaa wakisubiri fundi arudi. Mwaka 2006 kampuni ya Opera ya Norway ilieneza duniani Opera Mini, kivinjari kidogo cha simu, ambacho hakikuuleta ukurasa mzima mpaka kwa mtumiaji bali kiliupeleka kwanza kwenye mitambo ya kampuni, ukafinywa huko hata ukabaki, kwa hesabu ya wenyewe, hadi sehemu moja ya kumi, ndipo ukaletwa. Kwa kijana wa mitaa ya Ngarenaro au Unga Limited mwenye simu ndogo ya Nokia na vocha ya kuhesabu, huo ulikuwa ukombozi: kafe ilimfuata mfukoni. Kisha Julai 2009 waya wa intaneti wa SEACOM, upitao chini ya bahari, ukaanza kazi Dar es Salaam, kasi ikapanda, simu kubwa zikaja, na zile kafe za Barabara ya Sokoine zikageuka kuwa mahali pa kutolea fotokopi. Ulimwenguni, Firefox ilikuwa imeshatokea Novemba 2004 na Chrome ya Google Septemba 2008. Na Mei 2012, kwa takwimu za StatCounter, Chrome ikakipita kivinjari cha zamani duniani kote. Hapa kwetu wengi wa vijana hawakujua kwamba palikuwa na mtu wa kupitwa.

Maiti yenyewe haikuzikwa yote. Ndani ya Edge, kivinjari kipya cha Microsoft, imehifadhiwa namna ya kuzisoma kurasa za kale kama Internet Explorer ilivyozisoma, na kampuni imeahidi kuitunza hadi angalau mwaka 2029, kwa ajili ya yale maofisi yaliyojengwa juu ya makosa na yasiyoweza bado kujengwa upya. Edge yenyewe, tangu Januari 2020, inaendeshwa kwa injini ya Chromium, ambayo chimbuko lake ni Google, kumaanisha kwamba aliyeshindwa ameacha hata kuunda injini yake na anasafiri kwa ya mshindi. Chrome imeshika takriban theluthi mbili za ulimwengu. Siwezi kuituhumu kwa usingizi. Hutoa matoleo mapya kila baada ya wiki chache. Lakini Internet Explorer nayo haikulala ilipokuwa na Netscape mbele yake.

Agosti 2024, katika kesi iliyohusu utafutaji wa intaneti, Jaji Amit Mehta wa Washington aliihukumu Google kuwa imelinda ukiritimba kinyume cha sheria; serikali ikaomba Chrome iuzwe; na tarehe 2 Septemba 2025 jaji akakataa, akizingatia pamoja na mengine kwamba akili bandia imeanza kuleta washindani wapya. Huenda washindani hao wakaifanya kazi ambayo mahakama haikupenda kuifanya. Firefox iliifanya mwaka 2004. Illa Firefox ilichipuka katika mabaki ya Netscape, kwa kuwa kampuni hiyo, ikijua kwamba inakufa, iliufungua msimbo wake mbele ya kila mtu mwezi wa Machi 1998. Na katika makampuni ya leo, yenye afya kama yalivyo, sijaona lililo tayari kufa kwa ukarimu wa namna hiyo.